Neno la kuniongoza mwaka huu, nyie mnachaguaje?

cherehani_chuno
Wakuu habari za mwaka mpya, Mtwara kuchele. Naomba mawazo yenu kwenye jambo dogo ila linanisumbua. Mwaka huu watu wangu karibu wote kwenye stetasi wameweka neno lao la mwaka, mmoja kaweka FOKASI, mwingine NURU, kuna mkaka anafanya kazi ofisini kaweka UTHUBUTU na picha yake kavaa suti kasimama ufukweni Shangani, yaani yale maazimio marefu ya nitafanya hiki na kile na kile hamna tena, ni neno moja tu linakuongoza mpaka Desemba. Nimeipenda, maana maazimio marefu yanaishiaga kwenye daftari.

Mimi ni fundi cherehani niko Chuno, nina mtoto mmoja. Saivi ndo kipindi cha moto, shule zinafunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare wiki hii hii, sketi za marinda zimejaa mpaka kwenye benchi la wateja. Wateja ninao siwezi kumkufuru Mungu. Ila nikijiangalia naona nipo palepale, cherehani ni ileile ya kukanyaga, ovaloki naenda kuomba kwa jirani, kwenye kikundi chetu cha hisa nakaa nyuma kabisa na hata nikiwa na wazo silisemi. Nataka nikue, sio biashara tu, hata mimi mwenyewe kama mtu.

Nimefikiria NIDHAMU, UKOMAVU au IMANI. Shida kila nikilisoma naona zuri. Unachaguaje? Moja linatosha au mtu anaruhusiwa mawili matatu? Na unalitangaza au unakaa nalo kimya? Wa kucheka pia karibuni ila msizidishe.

msimu_tandahimba
Heri ya mwaka dada. Samahani mi ndo nitakuwa wa kukuvunja moyo leo.

Hii ya kuchagua neno January imeanzishwa na watu ambao mwaka wao unaanza January kweli, mshahara tarehe ileile, kalenda ukutani. Sisi wa huku mwaka unaanza January wapi? Mvua ndo imeshika, uko shambani na jembe, hela ya mnada wa Oktoba na Novemba imeshakuwa bati na sherehe za jando na deni la dukani, afu ndo unakaa chini unachagua neno. Mwaka wa mtu wa korosho una mwanzo wake, Mei unaanza kuhangaika na salfa, dawa ya mikorosho, unapuliza mpaka Agosti huko ule ugonjwa wa ubwiri unga usimalize maua, Septemba ikielekea kuisha unaanza kuokota, unapeleka chama cha msingi, mnada, hela inaingia benki. Siku mesej ya benki inalia ndo siku mtu anahitaji neno la kumwongoza, sio saivi mfuko umekauka. Nidhamu ya January hata kunguru anayo.

Na wewe fundi mwaka wako ni huohuo wetu, maana tukipata sisi ndo mnashona nyie.

bajaji_mkanaledi
😂😂 kunguru jamani

Dada mi nitakupa yangu. Neno langu ni NGOJA na sikulichagua kwa kukaa chini kufikiria, nilipewa na mke wangu bila yeye kujua. Siku moja tumekaa tunakula akaanza kuniigiza ninavyoongea na simu. Shemeji kapiga anaomba elfu ishirini, "poa hamna shida". Tajiri wa bajaji kapiga anapandisha hesabu ya siku, "poa hamna shida". Abiria anataka nimfuate Naliendele saa tisa usiku kwa bei ya mchana, "poa hamna shida". Akaniuliza hiyo shida ambayo hamna inaendaga kwa nani? Nikajua kumbe mi siku zote nilikuwa na neno la mwaka na la mwaka juzi pia, lilikuwa HAMNA SHIDA, ndo lilikuwa linaniendesha.

Kwaiyo nikaweka NGOJA. Mtu akiniomba kitu kwenye simu namwambia ngoja nikupigie saa mbili usiku nikishafunga hesabu. Basi. Wengi hata hawakumbushii, na anayekumbushia ujue ana shida kweli. Bei nayo hivyohivyo, ngoja kwanza nipige mahesabu ya mafuta.

Sijui kama hiyo ni kukua kama mtu ila nyumbani makelele yamepungua.

cherehani_chuno
@msimu_tandahimba kaka nimekuelewa lakini mi hela ya sare naipata sasaivi, mesej yangu ya benki ndo hii ya January 😅 kwaiyo kwangu mwaka ndo umeanza usininyime

@bajaji_mkanaledi hiyo umenipiga nayo, yaani kumbe mtu anaweza kuwa nalo tayari

bi_mchinga
Wanangu mimi niko Lindi mjini, nauza kanga na vitenge, na nimekuwa nacheka tu nikisoma. Watu wanasema neno la mwaka limekuja na simu. Mwanamke wa pwani ametembea na neno kiunoni miaka yote. Kanga ina pindo ina mji ina jina, na mteja wangu haangalii rangi kwanza, anainama anasoma jina, akilipenda ndo anauliza rangi nyingine. Ile ya "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" mnaijua wote, nimeiuza kwa watu wa kila namna.

Ila nikwambie siri ya biashara. Wanaonunua kanga kwa ajili ya maneno, wengi hawajinunulii wao, wanamnunulia jirani. Sio kumpa, la, wanavaa ili asome. Ukewenza, mawifi, shoga waliokorofishana, hapo ndo soko. Na hizo stetasi zenu naona ni mulemule, huyo mkaka wa suti UTHUBUTU wake ameuandika usomwe na nani? Sasa mwanangu wewe tafuta neno ambalo ungelivaa chumbani umefunga mlango. Nidhamu, ukomavu, imani ni majina mazuri ya kanga za kutokea, mtu akikuona atasema masha Allah. Lakini mteja amesimama mbele yako anataka sketi tatu za mkopo na baba wa watoto hujui hata anakaa wapi, hapo UKOMAVU unakuambia ufanye nini? Haukuambii kitu. Kumwambia mtu awe mkomavu ni sawa na kumwambia awe mrefu.

Fanya alivyofanya huyo wa bajaji. Usitafute kichwani kwako. Muulize shoga yako, yule mmoja asiyekusifia, ni maneno gani hayakutoki mdomoni. Ukishalijua unalotembea nalo saivi, la kuchukua utaliona lenyewe limekaa upande wa pili.

abu_zuhura
Nia kwanza. Kila amali ni kwa nia, hilo tumefundishwa tangu madrasa. Neno bila nia ni kelele. Allah atutilie wepesi.

mwl_mstaafu_nachi
Salaam kwenu vijana. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Nachingwea. Nimevutiwa na mada hii kwa sababu kizazi chetu tulilelewa kwa maneno ya kuongoza, ila yalikuwa ya taifa zima. Uhuru na Kazi tuliipokea na uhuru wenyewe, mwaka 1972 ikaja Siasa ni Kilimo kutoka Iringa, Mwalimu Nyerere naye akawa anatukumbusha inawezekana, timiza wajibu wako. Tuliyasema sana. Mengine yalibaki kwenye kuta za ofisi.

Lakini kuna moja sitalisahau, ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa nini hilo lilifanya kazi? Kwa sababu halikuja peke yake. Lilikuja na redio, na kitabu, na kikundi. Watu walikaa chini ya mwembe wanasikiliza kipindi, kikiisha wanasoma na kujadiliana, halafu kabla ya kuondoka kikundi kinaamua jambo la kufanya, leo tunafyeka nyasi kuzunguka nyumba, tunafukia madimbwi, wiki ijayo tunachimba choo kwa fulani. Ilikuwa malaria, kuhara, minyoo, kichocho. Walioshiriki nchi nzima walikadiriwa kufika karibu milioni mbili, na vyoo vilichimbwa kweli, mimi mwenyewe mikono iliota malengelenge na nilikuwa kijana mdogo. Mtu akikuuliza Mtu ni Afya ni nini ulikuwa unamwonyesha shimo.

Kwa hiyo binti yangu ukichagua neno, chagua na shimo lake. Lisipokuwa na shimo, litabaki ukutani. Na tafuta kikundi, hata mtu mmoja anatosha, anayejua hilo shimo umechimba ama hukuchimba.

bajaji_mkanaledi
Shikamoo mwalimu. "Chagua na shimo lake" hiyo naibandika kwenye kioo cha nyuma cha bajaji

nasoma_mtwara
Mwalimu shikamoo, umeongea kitu ambacho sisi darasani tunakisoma kwa majina magumu 😄

Kuna profesa wa saikolojia anaitwa Peter Gollwitzer, mwaka 1999 aliandika kwamba mtu mwenye nia tu, mfano nataka kuwa na nidhamu, anafanya vibaya kulinganisha na mtu aliyejipangia kwa mtindo wa KAMA na BASI, yaani kama kitu fulani kitatokea basi mimi nitafanya hivi, na ataje lini na wapi. Kwaiyo ile ya kaka wa bajaji ndo yenyewe kabisa, kama mtu ananiomba kwenye simu basi nasema ngoja nikupigie saa mbili. Ameifanya bila kusoma. Shimo la mwalimu nalo ni hilohilo.

Dada umeuliza utangaze au ukae kimya. Huyohuyo Gollwitzer na wenzake mwaka 2009 walitoa utafiti mwingine, wakaona watu ambao malengo yao ya kuwa mtu wa aina fulani yameshaonwa na wengine walijibidiisha pungufu kuliko ambao hawakuonwa, kama vile mtu akishajulikana anataka kuwa hivyo moyo unaridhika kana kwamba ameshakuwa. Ndo maana mi naungana na bi mkubwa wa kanga, stetasi hapana. Ila mtu mmoja wa kukukagua kama alivyosema mwalimu ni jambo tofauti, yule hakupongezi, anauliza.

Na usijipe wiki moja ukakata tamaa. London pale chuo kikuu cha UCL walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia moja tu ndogo kila siku, kama kunywa maji na chakula cha mchana, wastani ikachukua siku 66 mpaka mtu aanze kufanya bila kufikiria, wa haraka 18, na kuna waliokadiriwa kufika 254. Kilichonifurahisha, kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwaiyo ukiteleza Jumanne unaendelea Jumatano, husubiri January nyingine.

cherehani_chuno
Jamani asanteni mno, shikamoo mwalimu, shikamoo mama wa Lindi.

Nimefanya. Nina shoga yangu anauza vitafunwa hapa mlango wa pili, huyo hana dogo, nikamuuliza leo mchana mi neno gani halinitoki mdomoni. Hata hakufikiria. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini akasema TUTAELEWANA.

Ikabidi nikae. Maana ni kweli, mteja akiniuliza sketi bei gani nasema lete tu tutaelewana. Lini itakuwa tayari, tutaelewana. Mama anataka gauni la kitchen pati na vitambaa vya kuongezea vyangu, tutaelewana mama. Na kuelewana kwenyewe kunakuja siku anachukua nguo, anatoa anachotaka yeye, na mimi naona aibu kusema mbona hii haifiki hata hela ya zipu na uzi. Akaniambia na kwenye hisa ni hivyohivyo, wakiuliza nani ana wazo unaangalia chini, wakishaamua unakuja kunilalamikia mimi huku kwenye maandazi.

Ndo akanipa yeye, akasema mwaka huu neno lako liwe TAJA. Taja bei, taja siku, taja kianzio. Nimelipenda ila linaniogopesha. Mnaonaje?

msimu_tandahimba
Hilo zuri, narudisha nusu ya maneno yangu.

Na mmenifanya nijisikilize. La kwetu huku kijiji kizima ni MSIMU UKIFIKA. Sukari dukani, msimu ukifika. Ada ya mtoto, msimu ukifika. Mpaka posa watu wanapeleka kwa msimu ukifika. Na hapo ndo mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa njia za panya, anapitia, yeye anajua Machi na Aprili huna kitu, anakuja na hela kidogo na bakuli lake la kupimia, unachukua saivi unamlipa kwa korosho ambazo bado hata hazijatoa ua, na ukija kupiga hesabu ya mnada unaona umeuza kwa bei ya kutupa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa korosho kukaa ghalani mpaka mnada, upo kwenye korosho tangu 2007 na kangomba inapigwa marufuku kila mwaka, ila neno lenyewe liko midomoni kwetu, nani atalipiga marufuku. Halafu msimu wenyewe haujaapa kwa mtu, mnakumbuka 2018 wakulima walivyokataa bei za mnada mpaka serikali ikatangaza inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, hesabu za watu wangapi zilibadilika mwaka ule.

La kwangu la upande wa pili sijalipata. Mke wangu anasema GHALANI, kwamba mahindi na mihogo ya kula hadi Mei iwe ndani kwanza kabla ya kitu chochote. Ntalifikiria. Nikilichukua nalichukua Oktoba lakini, January siamini mpaka kesho.

dogo_wa_rahaleo
Mi nina wasiwasi na hiyo TAJA. Dada huku kwetu ukianza kutajataja bei kwa majirani na ndugu wataanza kusema umekuwa na roho mbaya, umejiona. Fundi wa mtaani anaishi kwa watu. Mjomba wangu alianza kudai kianzio, watu wakamhama wakaenda kwa mwingine. Uungwana nao ni mtaji.

bi_mchinga
Wewe dogo umesema la maana na si la kupuuza, lakini sikiliza. Mimi dukani kwangu kanga ina bei na kila mtu anaijua, na huyo ndugu yangu ninayetaka kumpunguzia nampunguzia kwenye bei iliyotajwa, anajua kabisa amepunguziwa kiasi gani na anashukuru. Usipotaja hakuna anayejua umempa nini. Umempa zawadi na yeye anajua amelipa. Sasa hapo uungwana uko wapi, mbona haujaonekana?

Ila mwanangu wa Chuno usianze na wote kwa mpigo, watashtuka kweli. Anza na wateja wapya wasiokuzoea, ulimi uzoee. Majirani watasikia taratibu.

mwl_mstaafu_nachi
Na shimo lake ni lipi? Taja ni neno, nataka kuona jembe.

cherehani_chuno
@mwl_mstaafu_nachi 😂 sawa mwalimu. Nimechukua daftari jipya la kaunta, nimepiga mistari. Jina, nguo, bei, kianzio, siku ya kuchukua. Nguo haigusi mkasi mpaka mistari yote ijae, na sentensi yangu ya kama na basi ni hii, mteja akisema bei gani basi najibu namba kabla sijanyanyua macho kwenye cherehani, maana nikimwangalia usoni ntasema tutaelewana. Shoga yangu atakagua daftari Ijumaa jioni na malipo yake ni nimshonee aproni.

Kwenye hisa bado. Hiyo naiacha mpaka la dukani likae sawa, naogopa kuvuruga vyote. Yale mengine ya IMANI na nini nimeyaacha yaende, imani ninayo inanitosha.

Dogo wa Rahaleo nimekusikia, na leo nimepoteza mteja mmoja kweli, kasikia bei akasema atarudi. Sidhani kama atarudi.

nasoma_mtwara
Huyo mmoja alikuwa anakupotezea wewe, sio wewe umempoteza. Hongera

bajaji_mkanaledi
Dada mi nina vijana wawili wanaingia sekondari, suruali mbili mbili jumla nne, kitambaa nishanunua. Nikuletee leo nikipita na abiria wa huko Chuno?

cherehani_chuno
Lete. Suruali moja elfu kumi na mbili kushona, nne ni arobaini na nane, kianzio nusu, unachukua Jumatano saa kumi jioni.

bajaji_mkanaledi
Elfu kumi kumi basi, si ndo mimi niliyekufungua macho

cherehani_chuno
Kumi na mbili kaka.

bajaji_mkanaledi
Ngoja nikupigie saa mbili usiku 😂😂

bi_mchinga
Hahahaa haya pambaneni. Na mimi aproni nahitaji, za dukani mbili, nitajie bei nikupe vitambaa kwa basi la kesho.